Usikaze Bolti Gari Likiwa Juu ya Jeki

Chukua bushi iliyong'olewa kwenye gari la mwaka 2002, ibane kwenye jiliwa, uikate katikati kwa msumeno wa chuma. Ndani utakuta tabaka tatu: bomba la chuma la nje, mpira mweusi mnene, na bomba dogo la chuma ambamo bolti hupita. Kitu chenyewe hakizidi ngumi ya mtoto. Lakini sogeza macho karibu. Nyufa zimeanzia ukingoni, zikazunguka bomba la ndani kama mwezi mwandamo, na upande mmoja mpira umebanduka kabisa kwenye chuma. Ile "kok, kok" ya kila tuta ilikuwa ikitoka hapo.

Bushi hukaa pale mkono wa gurudumu unaposhikana na chasisi. Imepewa kazi mbili zinazovutana: kulishika gurudumu lisihame njia yake, na wakati huohuo kuuacha mkono upande na kushuka barabara inavyotaka. Kwenye magari mengi madogo, mkono wa chini wa mbele, ambao mafundi huuita loa amu, una umbo la herufi L na bushi mbili. Moja ni ngumu, hulizuia gurudumu kuyumba kwenye kona. Nyingine ni kubwa na laini, na mara nyingi mpira wake umeachwa na matundu makusudi, ili gurudumu likigonga shimo liweze kurudi nyuma milimita chache badala ya kupeleka pigo lote kwenye bodi. Matundu hayo yana upande wake. Bushi ikizungushwa nyuzi 90 wakati wa kufungwa, inakuwa ngumu mahali palipohitaji ulaini. Fundi makini huweka alama kwenye mkono kabla hajaitoa ya zamani.

Siri ya yote hayo imo katika mpira. Utomvu wa mti wa mpira, kama ule unaogemwa Muheza, ukiachwa ulivyo hunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, hubadilika tabia. Salfa hujenga madaraja kati ya minyororo mirefu ya molekuli, hivyo mpira ukivutwa hurudi ulikotoka. Minyororo hiyo husuguana inapojinyoosha na kujikunja, na msuguano huo hugeuza sehemu ya mtikisiko kuwa joto. Ndiyo maana bushi nzima hukatisha mlio wa barabara kabla haujafika kwenye kiti chako.

Minyororo hiyohiyo ina maadui. Ozoni iliyo hewani huikata, hasa pale mpira unapokuwa umevutwa. Joto huukausha. Mafuta huuvimbisha na kuulegeza, kwa hiyo desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari ili kelele zinyamaze huimaliza bushi haraka zaidi.

Sasa uko kwenye duka la vipuri Gerezani, na mbele yako kuna chaguo nne au tano. Mkono wa mtumba kutoka Japani au Sharjah una chuma kizuri na bei nafuu, lakini mpira huzeeka hata ukiwa kwenye rafu. Ukiununua mkono wa gari lenye umri sawa na lako, umenunua na uzee wake. Bushi ya kuchongwa kutoka kwenye tairi kuukuu itakufikisha nyumbani. Udhaifu wake ni kwamba haikugandishwa na chuma kiwandani, hivyo badala ya kujipinda inateleza, na kinachoteleza kikiwa kikavu huliwa.

Halafu kuna bushi za poliyurethani, zile za rangi nyekundu, njano au buluu. Chimbuko lake ni kazi ya Mjerumani Otto Bayer, mwaka 1937. Ugumu wa mpira hupimwa kwa kipimo cha Shore A, kuanzia 0 hadi 100. Bushi nyingi za mpira huwa kati ya 50 na 70. Za poliyurethani mara nyingi hufika 80 hadi 95. Hazijali mafuta, na usukani hujibu upesi. Lakini nyingi huzunguka juu ya bomba lake, kwa hiyo zinahitaji grisi ya silikoni; ikikauka, zinalia. Na ugumu ule hupeleka kila kokoto kwenye bodi lenye miaka zaidi ya ishirini. Kwa gari la mashindano ni sawa. Kwa gari la kupeleka watoto shule na kurudi na magunia ya mkaa, mimi nachagua mpira wa ugumu uleule aliouchagua mhandisi wa gari hilo, kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika, kulia na kushoto kwa pamoja. Boljointi, kile kiungo cha mkono na gurudumu, nayo ikiwa imechoka, mkono mpya mzima huwa na hesabu nzuri zaidi, kwani unakuepusha na kuingiza bushi kwa nyundo mahali pasipo na presi.

Hata hivyo, bushi bora hufa mapema kwa kosa moja, nami limewahi kunigharimu bushi mpya mbili. Kumbuka kwamba mpira umeganda kwenye mabomba yote mawili. Bolti ikikazwa, bomba la ndani halizunguki tena. Mkono ukipanda au kushuka, mpira ndio unaojipinda. Chukua mkono wa sentimita 35. Gari likiwa juu ya jeki, gurudumu linaning'inia, tuseme sentimita 9 chini ya mahali pake. Kaza bolti hapo, kisha shusha gari: mpira umepindwa karibu nyuzi 15, na utabaki hivyo hata gari likiwa limelala uani usiku kucha. Kila shimo linaanzia kwenye mpira ambao tayari umevutwa, na ozoni inapenda hapo hasa.

Kwa hiyo mwombe fundi wako jambo dogo. Afunge kila kitu, lakini bolti za bushi aziache zimeshika tu. Magurudumu yarudi, gari likanyage chini kwa uzito wake wote, alisukume mara mbili tatu lijitulize. Kisha aingie chini na spana, azikaze. Ni dakika kumi za kulala kwenye saruji, na baada yake upimaji wa magurudumu. Gari likiwa limesimama, mpira ndani ya bushi utakuwa umepumzika.