Kitufe Kilichohamishwa

Mwanaprogramu akilalamika kwamba mkono unamuuma, usiharakishe kumwonyesha kibodi ya kununua. Kaa pembeni yake akiwa kazini, ukitazame kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kinanyooka hadi kwenye kona ya kibodi kutafuta Ctrl, kinabaki hapo kimekaza huku wenzake wakibonyeza C, V, Z au S, kinarudi, kisha kinapanda Shift kwa ajili ya mabano. Karani anayechapa barua hafanyi nusu ya safari hizo. Katika lugha kama C, Java na JavaScript karibu kila mstari una mabano au nukta-mkato, na alama nyingi za namna hiyo zimerundikwa ukingo wa kulia, ambako zinakisubiri kidole kidogo cha pili.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Emacs, programu ya kuhariri matini iliyozaliwa katika maabara ya chuo cha MIT, Marekani, katika miaka ya 1970, imejaa amri za Ctrl, lakini kwenye kibodi maarufu za maabara ile Ctrl ilikuwa kando ya kitufe cha nafasi, karibu na kidole gumba. Mwanaprogramu Bill Joy alipoandika kihariri cha vi huko Berkeley mwaka 1976, alitumia kituo cha ADM-3A. Kwenye mashine hiyo Ctrl ilikuwa ubavuni mwa herufi A, na Esc ilikuwa pale tunapoiona Tab leo. Ndiyo maana vi humtaka mtu abonyeze Esc kila mara bila huruma. Hata kompyuta ya kwanza ya IBM PC ya mwaka 1981 iliiacha Ctrl hapo kando ya A. Katikati ya miaka ya 1980 IBM ikatoa kibodi ya vitufe 101, ikaiweka Caps Lock mahali pale pazuri na kuitupa Ctrl konani. Watengenezaji wengine wakaiga. Kibodi ikabadilika, amri zikabaki zilezile.

Kwa hiyo tiba ya kwanza haigharimu hata senti: ifanye Caps Lock iwe Ctrl. Kwenye Mac jambo hili limo ndani ya mipangilio ya kibodi, kwenye Linux ni chaguo moja la mpangilio wa vitufe, na kwenye Windows kifurushi cha bure cha PowerToys kinaifanya kazi hiyo. Simjui mwanaprogramu anayeandika herufi kubwa tupu kwa wingi kiasi cha kuhitaji kitufe kizima kwa shughuli hiyo, labda mpenzi wa SQL ya kizamani.

Sasa tuingie ndani ya kifundo cha mkono chenyewe. Upande wa kiganja kuna njia nyembamba: chini na ubavuni mifupa midogo, juu utepe mgumu usiotanuka. Humo hupita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na neva moja, neva ya kati. Kifundo kikipinda juu au chini, shinikizo ndani ya njia hiyo hupanda, na inayoumia ni neva kwa kuwa ndiyo laini kuliko vyote. Neva hiyo huhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Ukiamka usiku vidole hivyo vimekufa ganzi na unakung'uta mkono ili upate nafuu, hiyo ni dalili ya kumpelekea daktari, hasa kama umeanza kuangusha vikombe. Lakini ganzi ikiwa kwenye kidole kidogo, neva ya kati haihusiki. Chunguza kiwiko, mahali neva nyingine inapopita juu juu chini ya ngozi, na ujiulize ni saa ngapi kwa siku umekiegemeza kwenye ukingo wa meza. Na kama ni mvuto au mwako unaopanda mkononi bila ganzi yoyote, mara nyingi ni kano na misuli iliyochoka. Haya ni matatizo tofauti, ingawa mazungumzo ya ofisini huyatia yote kapu moja.

Watafiti wa Denmark waliwafuatilia wafanyakazi karibu 7,000 wanaotumia kompyuta, wakachapisha matokeo mwaka 2003. Hawakuona uhusiano kati ya kuchapa kwenye kibodi na dalili za kubanwa kwa neva ya kati. Uhusiano ulijitokeza kwa waliotumia kipanya zaidi ya saa 20 kwa wiki. Matokeo hayo hayasemi kwamba kibodi haiumizi kano, ila yanatosha kutufanya tukitazame kipanya kwa jicho la shaka. Kibodi pana yenye tarakimu upande wa kulia hukisukuma kipanya mbali, bega likafunguka na mkono ukaning'inia siku nzima. Chukua kibodi isiyo na sehemu hiyo, au kihamishie kipanya mkono wa kushoto kwa wiki kadhaa. Vile viguu viwili nyuma ya kibodi vikunje. Vinainua nyuma na kukilazimisha kifundo kipinde juu. Anayefanyia kazi laptopu tupu hana pa kukimbilia: akiiinua kuiokoa shingo, vifundo vinapinda, akiishusha, shingo inainama. Kibodi ya waya ya bei ya chini pamoja na rundo la vitabu chini ya laptopu vinamaliza ubishi huo.

Kisha kuna kazi yenyewe. Ukitaka kufika kwenye jina la kazi (function) fulani ndani ya faili, litafute kwa herufi zake tatu za mwanzo badala ya kushuka mishale mistari mia. Kwenye dirisha la amri, Ctrl na R huifufua amri ya jana bila kuichapa upya. Amri ndefu unayoirudia kila asubuhi, ipe jina la herufi mbili. Na hali ya vi, ambayo sasa imo karibu katika kila kihariri, humfaa sana mwenye kidole kibovu, kwa kuwa amri zake nyingi ni kitufe kimoja kimoja, si vitufe viwili vilivyoshikwa pamoja.

Baada ya hayo yote ndipo kibodi iliyogawanyika inapostahili pesa zako, na bei yake huweza kufika mamia ya dola kabla ya ushuru. Huko Uingereza, Lillian Malt na Stephen Hobday walibuni kibodi ya Maltron katika miaka ya 1970. Kinesis ikafuata Marekani mwaka 1992, na Microsoft ikatoa ya kwake 1994. Vipande viwili vikitengana, vifundo hunyooka. Kingo za ndani zikiinuliwa, viganja havilazimiki kulala kifudifudi. Safu za vitufe zilizopinda kiupande ni urithi wa mashine ya taipu ya Sholes ya karne ya 19, ambamo vyuma vya kila herufi vilihitaji nafasi ya kupita. Kibodi kadhaa zilizogawanyika zimezinyoosha safu hizo. Ushahidi wa kitabibu kwamba vifaa hivi huponya neva iliyobanwa bado ni haba, na tathmini ya Cochrane ya mwaka 2012 ilisema hivyo waziwazi. Kasi yako itashuka vibaya kwa wiki kadhaa, basi usianze karibu na siku ya kukabidhi mradi.

Wengine watakushauri ubadilishe mpangilio wa herufi pia, uhamie Dvorak ya mwaka 1936 au Colemak ya 2006. Yote miwili ilipimwa kwa Kiingereza. Anayeandika ujumbe, maelezo na nyaraka zake kwa Kiswahili ana shida nyingine: herufi anayoibonyeza kuliko zote ni A, na katika mpangilio wa kawaida, Dvorak na Colemak vilevile, A iko chini ya kidole kidogo cha kushoto. Maltron waliiweka E, herufi inayotumika zaidi katika Kiingereza, chini ya kidole gumba. Kibodi nyingi za leo zilizogawanyika huruhusu mwenyewe kupanga vitufe kwa programu huria ya QMK, kwa hiyo hakuna kinachozuia A ya Kiswahili kupewa kidole gumba, ila uzoefu wa vidole vyenyewe na kibodi ya kila mtu mwingine pale ofisini.