Vijana wa Sindo na wafunzwe kujenga tovuti zao

Mwanafunzi wa Sindo anayetaka kuutangazia ulimwengu jambo hana haja siku hizi ya kusafiri hadi Homa Bay, sembuse Nairobi. Huichukua rununu, akaandika kwenye Facebook au akalituma neno lake katika kundi la WhatsApp, na kabla mitumbwi ya omena haijarejea ufuoni alfajiri, watu mia wamekwisha kulisoma. Hayo ni maendeleo, wala si haki kuyabeza. Lakini lipo swali ambalo aghalabu haliulizwi madarasani: ukuta huo tunaouandikia ni wa nani?

Mpangaji hana sauti mwenye nyumba anapoamua kubomoa. Mwaka 2009 kampuni ya Yahoo iliifunga GeoCities, mahali ambapo watu wa mataifa mbalimbali walikuwa wamejijengea kurasa bila malipo tangu miaka ya 1990. Kurasa zisizo na idadi zingalipotea kabisa kama watu wa kujitolea hawangalikimbilia kunakili walichoweza. Ndiyo sababu waandishi wengi wa programu hushikilia kuwa na tovuti zao wenyewe, ndogo na zisizo na madaha, ambamo mtu hueleza alichojifunza juma hilo, kosa lililomkesha katika programu yake, au maoni yake juu ya siasa za kwao.

Msomaji asidhani kwamba huo ni mchezo wa Wazungu wenye nafasi. Mtanzania Ndesanjo Macha alikuwa akiandika blogu yake, Jikomboe, kwa Kiswahili sanifu wakati wengi wetu hata hatujalisikia neno blogu. Hapa Kenya, wakili Ory Okolloh alikuwa na blogu iliyoitwa Kenyan Pundit. Mwaka 2006 yeye na mtaalamu wa programu Conrad Akunga walianzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia mwenendo wa wabunge, baada ya tovuti ya Bunge lenyewe kufungwa kwa kuwa baadhi ya waheshimiwa hawakufurahia kuona maelezo ya elimu na kazi zao yakianikwa hadharani. Watu wawili, bila wizara wala bajeti, wakaifanya kazi ambayo taasisi nzima iliikwepa.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Tarehe 30 mwezi huo serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na nchi ikabaki gizani huku nyumba zikiteketezwa. Watu waliofariki katika machafuko hayo walipita 1,100. Mapema Januari 2008 Okolloh aliandika katika blogu yake akiuliza kama wapo mafundi wa tarakilishi wanaoweza kuunda ramani ya kuonyesha palipotokea ghasia. Waliomwitikia walikuwa wanablogu wenziwe: Erik Hersman wa White African, Juliana Rotich wa Afromusing, na David Kobia, mwunda programu aliyekuwa akiishi Marekani. Katika muda wa siku chache tu Ushahidi ilikuwa hewani, ikipokea habari za wananchi hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Mwaka 2010 programu hiyo hiyo ilitumiwa Haiti baada ya zilzala.

Kwa maoni yangu, siri ya mafanikio hayo haikuwa ufundi peke yake. Watu hawa walikuwa wamezoea kusomana kwa miaka, kila mmoja akiandika nyumbani kwake kwa jina lake, na kwa hiyo waliaminiana. Kobia huyo huyo alikuwa na baraza la mtandaoni, Mashada, ambalo alilazimika kulifunga Januari hiyo kwa sababu ya matusi ya kikabila. Aliweza kulifunga maadamu lilikuwa lake. Nani leo atafunga kundi linalochochea chuki katika mtandao wa tajiri wa California?

Haidhuru, kumiliki kuna gharama zake. Anwani isipolipiwa hufa, na blogu nyingi za enzi hiyo zimenyamaza. Serikali nazo hazilali: mwaka 2018 Tanzania iliwatoza wanablogu ada za leseni zilizozidi shilingi milioni mbili za nchi hiyo, na wengi wakafunga milango.

Hata hivyo, kwa shule ya Sindo kikwazo si pesa. KICD iliidhinisha mwaka 2022 mtaala wa kufunza uandishi wa programu. Lakini ukurasa wa HTML waweza kuandikwa katika tarakilishi kuukuu isiyounganishwa na intaneti, na ukurasa wa maneno matupu huwa mwepesi kuliko picha moja ya rununu. Tayari zipo anwani za .sc.ke kwa shule na .me.ke kwa mtu binafsi.

Na la kuandika halikosekani. Kisuba, lugha ya wazee wa Gwassi, Rusinga na Mfangano, kinazidi kumezwa na Kijaluo, na wajukuu wengi hawakijui. Darasa moja laweza kuanza na majina ya samaki wa ziwa kwa Kisuba, Kijaluo na Kiswahili, kama wanavyoyataja bibi zao. (Mbuta, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, huenda asipatikane jina la kale, hilo nalo ni somo la historia.) Wanafunzi waandike Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa mwalimu aitie kazi yao katika flashi, aende penye mtandao na kuipandisha.