Mita 5.6 kwa Mzunguko: Hesabu ya Mlima na Hoja ya Vélocio

Kila baiskeli ya gia moja ina namba isiyoandikwa popote kwenye fremu yake, nayo ndiyo inayoamua kama mwendeshaji atafika kileleni akiwa juu ya kiti au akiisukuma kwa mikono, yaani idadi ya mita ambazo baiskeli husonga kila pedali zinapokamilisha mzunguko mmoja. Namba hiyo hupatikana kwa kugawanya meno ya gurudumu la mnyororo la mbele kwa meno ya friwili, kile kigurudumu cha meno kilichofungwa kwenye ekseli ya nyuma, kisha kuzidisha jibu kwa mzingo wa tairi. Baiskeli nyeusi ya mizigo inayofahamika kote Afrika Mashariki, iliyorithi umbo la Raleigh ya Uingereza, ikiwa na meno 46 mbele, 18 nyuma na tairi lenye mzingo wa takriban mita 2.2, husonga mita 5.6.

Katika tambarare namba hiyo haina lawama. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, yaani barabara inayopanda mita 10 kwa kila mita 100 za mwendo, mambo hugeuka, kwa sababu mzunguko mmoja sasa unapaswa kuinua uzito wote kwa sentimita 56. Achukuliwe mwendeshaji wa kilo 65, mwenye baiskeli ya kilo 20 na mzigo mdogo wa kilo 15. Hata bila kuhesabu upepo wala msuguano, pedali zake zinadai msukumo wa wastani unaokaribia uzito wa kilo 52, na kwa kuwa mguu hauna nguvu yoyote ya maana pedali inapokuwa juu kabisa au chini kabisa, upungufu huo hulipwa pedali inapokuwa katikati, ambapo msukumo unaohitajika hupita kilo 80. Mtu wa kilo 65 anaweza kusimama juu ya pedali hiyo kwa uzito wake wote na baiskeli isitii, asipovuta usukani kwa mikono yake yote miwili. Anaposhuka na kuanza kusukuma, watazamaji humhesabia uchovu au uvivu, ilhali aliyemshusha ni friwili yenye meno 18.

Aliyeitetea miguu ya watu wa kawaida dhidi ya hesabu hii, kwa miaka mingi na bila kuchoka, alikuwa Mfaransa Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853 na kujulikana kwa jina la kalamu la Vélocio. Aliacha biashara ya hariri akawa muuza baiskeli mjini Saint-Étienne, akaanzisha jarida la Le Cycliste katika miaka ya 1880, na maabara yake ikawa barabara yenyewe, hasa ile inayopanda kusini mwa mji huo hadi kwenye Col de la République, njia ya mlimani yenye kimo cha mita 1,161. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri zaidi unapotoa juhudi isiyobadilika sana, kwa hiyo barabara inapobadilika ni mashine inayopaswa kubadilika, wala si moyo na mapafu ya anayeiendesha. Aliwashauri wasomaji wake wale kabla ya kusikia njaa, wanywe kabla ya kiu, wapumzike kabla ya kuchoka, na wasiendeshe kamwe kwa ajili ya kujionyesha. Shauri hilo la mwisho ni la gia kama lilivyo la tabia, maana anayechagua kwa fahari gia kubwa, yaani mita nyingi kwa kila mzunguko, huilipia mlimani.

Fahari ndiyo iliyompinga. Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto na mwanzilishi wa mbio za baiskeli za Tour de France, alishikilia mwaka 1902 kwamba gia za kubadilisha zinawafaa waliovuka umri wa miaka 45, na kwamba ushindi wa kweli ni wa misuli. Tour ya kwanza, ya mwaka 1903, ilipita Col de la République hiyohiyo, na hadi mwaka 1937 washindani walizuiwa kutumia kihamisha mnyororo, kifaa kinachousogeza mnyororo kutoka meno haya hadi mengine baiskeli ikiwa mwendoni. Walifunga friwili au kigurudumu cha meno kila upande wa gurudumu la nyuma, na walipofika chini ya mlima walishuka, wakalifungua gurudumu, wakaligeuza na kulifunga upya. Vélocio alifariki mwaka 1930, kabla marufuku hayo hayajaondolewa. Leo washindani wa Tour hufunga meno 34 nyuma wanapopanda milima, na hakuna anayewaita wazee.

Hesabu inaweza kuanzia upande wa pili, yaani kwenye mapafu. Mtu mwenye afya asiye mshindani akitoa wati 150, kipimo cha nguvu anachoweza kukihimili kwa muda mrefu, atapanda mwinuko uleule wa asilimia 10, kwa uzito uleule wa jumla wa kilo 100, kwa kasi ya kilomita 5.5 hivi kwa saa. Akizungusha pedali mara moja kila sekunde, anahitaji mita 1.5 kwa mzunguko, ambazo hupatikana kwa meno 22 mbele na 32 nyuma. Kwa mita 5.6 na mzunguko uleule angelazimika kwenda kilomita 20 kwa saa na kutoa wati 550, kiwango ambacho hata bingwa hawezi kukidumisha kwa saa nzima.

Hapa linazuka swali gumu, kwa kuwa kilomita 5.5 kwa saa ni mwendo wa mtu anayetembea. Uzito wote ukifika kilo 200, kama inavyokuwa kwa wabeba mkaa na ndizi, kasi hushuka hadi kilomita 2.7, na kwa kasi hiyo baiskeli haisimami wima kwa urahisi. Gia peke yake haimwokoi mbeba magunia. Lakini abiria mmoja, ndoo mbili za maziwa au mzigo wa kilo 15 ni jambo jingine. Friwili ya meno 22 ikichukua nafasi ya ile ya 18 hushusha mita 5.6 hadi 4.6, na ikiongezwa habu ya gia tatu, ambayo huficha gia zake ndani ya kitovu cha gurudumu mbali na vumbi na ambayo katika modeli iliyoenea zaidi ya kampuni ya Sturmey-Archer hupunguza mwendo hadi robo tatu, hufika takriban mita 3.5. Msukumo wa juu kabisa kwa yule mwendeshaji wa kilo 65 hushuka kutoka zaidi ya kilo 80 hadi karibu 50, uzito alionao tayari.

Mnamo Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na Mslovenia Tadej Pogačar alishinda mbio za kilomita 267.5 zenye miinuko ya jumla ya zaidi ya mita 5,000, akiwa na gia za kuchagua kwa kila kona. Katika vilima hivyohivyo vya Rwanda, na katika vile vya Burundi na vya Kigezi nchini Uganda, baiskeli nyingi za kazi bado zina gia moja. Uimara wa mnyororo mnene, bei na upatikanaji wa vipuri ni sababu za kweli, ila hazitoshi kueleza kwa nini hata friwili yenyewe, kipuri ambacho fundi wa kando ya barabara hukibadilisha kwa vifaa alivyonavyo, huendelea kuwa na meno yaleyale ya tambarare.