Mbona Mtoto Atolewe Damu Mara Tatu?

 

Tuseme mtoto wako amemeza prednisoloni kwa muda mrefu, labda kwa ule ugonjwa wa figo unaovimbisha uso na miguu. Sasa daktari anataka umlete asubuhi atolewe damu, adungwe dawa, kisha atolewe damu tena mara mbili. Mama mmoja aliniuliza, "Sista, hiyo damu yote wanaipeleka wapi?" Mama, zote tatu pamoja ni kama kijiko kimoja cha chai.

Juu ya kila figo pana tezi ndogo inayotengeneza homoni iitwayo kotisoli. Hiyo huzuia sukari na presha ya mtoto zisishuke mwili unapopigana na ugonjwa. Lakini tezi hizi hungoja amri ya tezi nyingine iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya minji. Prednisoloni hufanya kazi kama kotisoli. Mtoto akiimeza wiki nyingi, ile ya ubongoni huona kotisoli ipo tele, hunyamaza, na zile za juu ya figo hulala. Zinaweza kuchukua miezi kuamka.

Ndiyo maana nakusihi usikatize dawa hiyo mwenyewe eti mashavu yamenenepa. Akishikwa na malaria au kuhara tezi zikiwa zimelala, anaweza kulegea, kutapika, kuzirai, hata kufa.

Sindano ya kipimo ni amri iliyotengenezwa kiwandani. Damu ya kwanza huonyesha kotisoli kabla ya amri. Nyingine hutolewa baada ya dakika 30 na dakika 60, kuona kama imepanda. Kwa hivyo usiondoke baada ya ile ya kwanza. Mara nyingi huwekwa kanula moja tu mkononi, asidungwe kila mara.

Uliza mapema dawa ya mwisho aimeze lini, maana inaweza kuharibu majibu. Kipimo hiki hakipo katika zahanati. Nairobi ilianza kufundisha madaktari wa homoni za watoto mwaka 2008, lakini bado wengi wenu mtasafiri mbali. Nauli si mchezo, basi piga simu kwanza uhakikishe sindano ipo.

Kotisoli isipopanda vizuri, daktari atampa vidonge vya haidrokotisoni na kukueleza jinsi ya kuongeza akiwa na homa. Akitapika vidonge hivyo au akilegea, mkimbize hospitali iliyo karibu. Mlangoni tu, kabla ya kuulizwa kadi, sema: "Mtoto huyu tezi zake hazitoi kotisoli, anahitaji sindano ya haidrokotisoni sasa." Mfundishe baba maneno hayo pia, na mwalimu wake.

Wiki ijayo, minyoo.