Kuandika Katika Kompyuta ya Gari

Msimu uliopita tulipeleka pikapu ya chama bara, hadi Kisanga wilayani Kilosa, kutafuta mahindi ya duka letu. Huko taa ya injini ikawaka. Fundi mmoja akachomeka waya, akasema kompyuta ya gari imeharibika, akaanza kuiandika upya kwa programu ya kunakili. Katikati ya kazi betri ikaisha nguvu, na gari halikuwaka tena. Tulivutwa mpaka Morogoro, na huko ikaonekana kuwa ubaya wenyewe ulikuwa waya mmoja uliokatika!

Yapasa kila mwenye gari ajue tofauti ya kusoma na kuandika. Kusoma hitilafu ni kazi ndogo, na chombo cha bei nafuu chatosha. Kuandika, yaani kubadili programu ya kompyuta au kuitambulisha ufunguo mpya, kwa kawaida kwataka programu ya kampuni iliyounda gari, na umeme usioyumba tangu mwanzo hata mwisho.

Wengi hudhani programu hiyo ni ya mawakala tu. Sivyo. Toyota huko Marekani humkodisha fundi wa nje kwa siku mbili, kwa mwezi au kwa mwaka. Katika Umoja wa Ulaya, sheria ya 2007 iliwalazimisha waundaji kuwauzia mafundi wa nje maelezo ya matengenezo. Kinachounganisha gari na kompyuta ya fundi ni kisanduku cha kanuni ya SAE J2534, na kimoja chaweza kutumika kwa magari ya kampuni nyingi. Mambo ya funguo yana ulinzi zaidi: Marekani fundi huandikishwa kwanza katika daftari la NASTF. Nasi twaona ni haki, maana nani apenda kila mpita njia aweze kuchonga ufunguo wa gari lake?

Shida yetu ni kuwa magari mengi ya hapa yametoka Japani yakiwa yametumika, na programu ya soko jingine huenda isiyatambue. Kwa hiyo fundi aulize kwa namba ya chesisi kabla ya kulipa. Mwombeni awaonyeshe risiti, na jinsi anavyoingia kwa jina lake mwenyewe kwa intaneti. Akitoa programu mfukoni bila ya haya, asiguse gari. Na magari mawili matatu ya jirani yakipelekwa kwa fundi ndani ya siku zile mbili, gharama hupungua.

Pikapu yetu imepona, kwa kompyuta nyingine. Bei yake ilizidi faida ya mahindi yote.