Vumbi, sukari na kuumbika kwa sayari

Dunia hii tunayoikanyaga ilianza kama vumbi lililozunguka jua changa, yapata miaka bilioni 4.5 iliyopita. Lakini vumbi lilishikanaje hadi likawa jawabali? Hapa chini ni taabu kulichunguza, kwani hutua sakafuni kabla chembe hazijakutana vya kutosha.

Jaribio linalonivutia mimi ni la mwaka 2003. Mwanaanga Mmarekani, Don Pettit, akiwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, alitia chumvi, sukari na kahawa katika mifuko ya plastiki, akaitikisa. Vitu vya jikoni hivyo! Ndani ya sekunde chache punje zikaanza kushikana mabonge. Kinachozivuta ni umeme tuli, ule ule unaofanya nywele zifuate kitana.

Tatizo ni kwamba punje zikifika ukubwa wa milimita hivi, zikigongana hurushana badala ya kunatana. Huko Bremen, Ujerumani, kuna mnara wa mita 146. Ndani yake chombo huangushwa katika bomba lililotolewa hewa, na kwa sekunde 4.7 kila kilichomo huelea kana kwamba hakina uzito. Kikirushwa kwanza kutoka chini, muda huo hufika sekunde 9. Mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani walionyesha kuwa kule kugongana kwenyewe huzipa punje chaji, nazo huvutana hadi kufanya mabonge ya sentimita kadhaa. Kutoka hapo hadi jiwe la kilomita nzima, wataalamu bado wanabishana.