Ukungu au Moshi? Tunachokiona Kampala Asubuhi

Mwalimu yeyote wa Kiswahili mjini Kampala amepata kusahihisha insha iitwayo "Asubuhi Mjini Kwetu". Nasi tumesahihisha nyingi. Katika insha hizo mwanafunzi huanza kwa kusema kwamba mji umefunikwa na ukungu, kwamba kilima cha Kololo hakionekani vizuri kutoka Makerere, na kwamba ukungu huo huondoka jua linapopanda. Upatanisho wa ngeli hauna kasoro, nasi hutia alama ya vema na kuendelea. Katika makala haya tungependa kueleza kwa nini siku hizi hatutii alama hiyo kabla ya kumwuliza mwanafunzi swali moja: je, ulichokiona ni ukungu kweli?

Vitu viwili vinavyofanana

Ukungu ni maji. Hewa inapopoa usiku, mvuke hugeuka kuwa matone madogo sana yanayoelea karibu na ardhi. Jua likipanda, matone hayo hukauka na kwisha. Anayevuta pumzi katika ukungu mtupu huvuta hewa yenye unyevu tu.

Utusitusi wa mjini ni jambo jingine. Huo hutokana na chembechembe: masizi ya magari na pikipiki, moshi wa mkaa na kuni, moshi wa takataka zinazochomwa, na vumbi la barabara zisizo na lami. Chembechembe hizi hutawanya mwanga, ndiyo maana kilima cha mbali huonekana kana kwamba kimefunikwa kwa kitambaa cha kijivu. Zile zinazowashughulisha zaidi wanasayansi hazizidi mikromita 2.5 kwa kipenyo, nazo huitwa PM2.5. Unywele mmoja wa mtu una unene wa karibu mara 30 ya chembe hiyo. Kwa udogo wake hupita puani na kooni bila kuzuiwa, ikafika ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia katika damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kwamba hewa chafu, ya nje na ya majumbani, inahusika na vifo vya mapema vya watu wapatao milioni 7 kila mwaka duniani.

Mbona basi utusitusi nao hupungua ifikapo saa nne asubuhi, kama ukungu? Jibu liko katika umbo la mji wetu. Kampala ni mji wa vilima na mabonde. Usiku ardhi hupoa, na hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka mabondeni. Juu yake hukaa hewa yenye joto zaidi, mfano wa kifuniko juu ya sufuria. Moshi wa mapishi ya jioni na wa magari ya alfajiri hunaswa chini ya kifuniko hicho. Jua likiipasha ardhi moto, hewa ya chini hupanda, kifuniko hufunuka, na moshi huchanganyika na hewa nyingi zaidi. Watu husema ukungu umekwisha. Lakini matone ndiyo yaliyokwisha. Masizi hayakwishi, yametawanyika tu, na jioni mengine huanza kukusanyika upya.

Utafiti wa hapa hapa

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiongozwa na Profesa Engineer Bainomugisha, walianzisha mradi uitwao AirQo. Tatizo lililowakabili lilikuwa rahisi kulieleza: mitambo ya kawaida ya kupima hewa ilikuwa ghali mno, kwa hiyo miji mingi ya Afrika haikuwa na takwimu zake yenyewe. Wao waliunda vifaa vidogo vya bei nafuu, vinavyostahimili vumbi na joto, vinavyotuma vipimo kupitia mtandao wa simu. Vingine vilifungwa kwenye majengo na nguzo, vingine kwenye pikipiki za bodaboda, ambazo hupita kila kichochoro.

Miongoni mwa watafiti hao ni Deo Okure, mwanasayansi wa ubora wa hewa. Mwaka 2022 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa hewa katika miji kadhaa ya Uganda. Vipimo vilionyesha kwamba chembechembe za PM2.5 zilizidi mara kadhaa kiwango kinachopendekezwa na WHO, ambacho tangu mwaka 2021 ni mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Hali huwa mbaya zaidi wakati wa kiangazi, na katika siku moja hupanda mara mbili, asubuhi na jioni. Yaani hupanda hasa saa ambazo watoto wako njiani kwenda shule na kurudi.

Kifaa nacho hukosea

Jambo lililotufurahisha sisi walimu wa lugha ni hili. Vifaa hivi vidogo hupima kwa mwanga: hewa hupitishwa mbele ya miale ya leza, na kifaa hukadiria wingi wa chembechembe kwa jinsi mwanga unavyotawanyika. Lakini tone la ukungu nalo hutawanya mwanga, na chembechembe hufura kwa unyevu. Kwa hiyo asubuhi yenye unyevu mwingi, kifaa huweza kusoma uchafu kuliko uliopo. Kumbe hata mashine huchanganya ukungu na moshi!

Watafiti hawakukitupa kifaa. Walikiweka kando ya mtambo mkubwa unaoaminika, wakalinganisha vipimo, wakapima pia joto na unyevu, kisha wakatengeneza hesabu ya kusahihisha kosa hilo. Nasi tunaona kwamba hivyo ndivyo mwalimu mwema anavyofanya na mwanafunzi: hamfukuzi kwa kukosea, bali hutafuta anakosea wapi na kwa sababu gani.

Neno na mwenye neno

Kwa Luganda, olufu ni ukungu, omukka ni moshi, na enfuufu ni vumbi. Wanafunzi wetu basi hawakosi maneno, wanakosa kutazama. Na neno likikosewa, fikra hupotea. Ukungu ni wa Mungu, hakuna anayeulizwa umetoka wapi. Moshi una mwenyewe. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto, na penye moto pana mtu aliyeuwasha.

Wanafunzi wetu waliokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari walituandikia kwamba "ukungu" uliwasumbua watoto wakati wa imla ya asubuhi. Wengi walikohoa, na madirisha yakafungwa. Tulipowatembelea tulikuta shimo la takataka nyuma ya madarasa, likifuka. Hatukuwa na kifaa chochote, tulikuwa na pua tu. Tulizungumza na walimu wenzetu wa pale, na leo majani na mabaki ya chakula hufukiwa kuwa mbolea. Plastiki bado ni tatizo. Lakini mazungumzo hayo yasingeanza kama sote tungeendelea kusema ukungu.

Mwaka 2024 Uganda ilitoa kanuni za viwango vya ubora wa hewa. Miaka miwili kabla ya hapo, 2022, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mambo haya mawili yatakutana siku moja, kwenye tangazo la redioni au karatasi iliyobandikwa ukutani mwa zahanati, na atakayeliandika huenda sasa ameketi katika darasa lako. Tunawaomba walimu wenzetu mjaribu zoezi hili: kwa wiki moja, kila mwanafunzi atazame kilima kile kile saa moja asubuhi na saa nane mchana, aandike sentensi tatu, na achague kwa makini kati ya ukungu, moshi, vumbi, masizi na utusitusi. Kisha aeleze ni kwa nini amechagua neno hilo.